Vidonge vya Adhuhuri

Sista Nekesa alikubali kusema uongo saa nne asubuhi, akiwa na akili zake timamu, amesimama katika ua wa Fowsiya pale Kakuma huku jua likimchoma utosi. Hakulazimishwa. Aliombwa tu, na aliyemwomba alikuwa mke wa mgonjwa, na uongo wenyewe ulionekana mdogo.

"Hiyo jina ya ugonjwa usitaje kwa hii nyumba," Fowsiya alimwambia kwa sauti ya chini. "Wewe sema ni mishipa. Sema dawa ni ya nguvu, ya kuleta hamu ya chakula. Basi."

"Na Samsam? Yeye ndiye atakayempa baba yake dawa, Mama Samsam. Lazima ajue anampa nini."

"Huyo ndio kabisa asijue! Akijua baba yake iko na hiyo kitu kwa kichwa, atakataa kuolewa. Atasema anabaki na baba. Namjua, mimi ndio nilizaa yeye."

Nekesa alikuwa muuguzi wa miaka kumi na tisa. Alizaliwa Bungoma, barua ya kazi ikamleta Lodwar, akabaki huko mpaka ndugu zake wakachoka kumuuliza atarudi lini. Alifanya kazi na kikundi kidogo cha kuuguza watu majumbani, ofisi yao chumba kimoja na friji moja, na kila Jumanne dereva wao Ethuro alimpeleka Kakuma kuwaona wagonjwa ambao hospitali zilikuwa zimewarudisha nyumbani wakamalizie siku zao huko. Alijua vizuri kwamba mtu anayemlisha mgonjwa dawa anapaswa kuambiwa kila kitu. Aliwahi hata kuwafundisha wengine jambo hilo, akiliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Lakini alimtazama Fowsiya, mwanamke mwenye duka la vitambaa ambaye kwa mwezi mzima hakuwa amelala saa tatu mfululizo, akakosa moyo wa kubishana naye.

"Sawa," alisema. "Ni dawa ya nguvu."

Mgonjwa mwenyewe, Abdikadir, alikuwa ameendesha lori kati ya Kitale na Lokichoggio kwa miaka ishirini na mbili. Siku moja aligonga punda waliokuwa upande wa kulia wa barabara, mchana kweupe, akaapa kwamba hakukuwa na punda. Akagonga tena lango la nyumba yake mwenyewe, upande uleule wa kulia. Huko Eldoret walimpiga picha ya kichwa, wakaona uvimbe umekaa ndani kabisa upande wa kushoto wa ubongo, mahali ambapo kisu hakifiki. Walimrudisha na bahasha kubwa ya picha na barua iliyofungwa. Alipofika nyumbani mkono wa kulia ulikuwa umelegea na maneno yameanza kumtoroka. Alitaka maji akaomba betri. Alimwita mkewe "tairi." Mara ya kwanza Fowsiya alicheka. Mara ya pili aliingia chumbani akalia.

Dawa aliyoileta Nekesa wauguzi huiita deksa. Ni vidonge vidogo vyeupe, havina lolote la kutisha. Haviponyi uvimbe, wala haviupunguzi. Vinachofanya ni kukausha maji yanayojikusanya kuuzunguka, ubongo ukapata nafasi ya kupumua. Abdikadir aliandikiwa vinane asubuhi na vinane adhuhuri, na jioni asipewe kabisa, maana vinafukuza usingizi. Nekesa alivipanga katika pakiti ndogo za karatasi. Pakiti za asubuhi alizichorea jua linalochomoza, za adhuhuri akazichorea jua lililosimama juu ya kichwa cha mtu.

Siku ya tatu Abdikadir alimwita mkewe kwa jina lake, akaomba chai ya maziwa ya ngamia, akauliza lori ziko wapi. Nyumba nzima ilishangilia. Nekesa alipokuja Jumanne alimkuta ameegemea mito akimkaripia utingo kwa simu, na hakukosea hata neno moja.

Alipokata simu alimwita Nekesa karibu. "Sista, mimi nataka kitu moja tu. Mdomo yangu itafika Ijumaa ya harusi?"

Harusi ya Samsam, binti yake wa pekee, ilikuwa imepangwa baada ya wiki tisa. Bwana harusi aliitwa Mowlid, kijana aliyefanya kazi katika ghala moja huko Lokichoggio. Abdikadir alimweleza Nekesa taratibu, kwa vile sista alikuwa Mkristo na hakuyajua mambo yao: siku ya nikaha baba ndiye anayemwoza binti. Anamshika kijana mkono wa kulia kwa mkono wake wa kulia, anatamka mbele ya mashahidi kwamba amemwoza, kijana anajibu amekubali. Baba akiwa hana fahamu zake, anatamka ami.

"Ami yake ni Abdiweli," alisema, na jina la mdogo wake likamtoka kama kitu kilichomkwama kwenye meno. Hawakuwa wamesemezana vizuri tangu mama yao azikwe. "Nimefanya huyu mtoto aende shule, nimembeba kwa lori akiwa na malaria mpaka Lodwar. Halafu Abdiweli ndio aseme? Hapana. Nipe mdomo mpaka hiyo Ijumaa, sista. Baada ya hapo hata kesho yake, mimi sina neno."

Basi hicho ndicho kilichotakiwa. Si kupona. Wiki tisa tu za mdomo unaosema sawasawa, na mkono wa kulia wenye nguvu ya kushika mkono wa mtu. Nekesa alilichukulia jambo hilo kana kwamba Samsam ni binti yake mwenyewe. Alimpa Abdikadir mazoezi ya kuinua spana kwa mkono ule mlegevu, spana namba kumi na saba, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, naye akaifanya kazi hiyo huku akitukana kwa Kisomali.

Samsam ndiye aliyekuwa mikono ya sista siku zile ambazo sista hakuwepo. Alikuwa na miaka ishirini, amemaliza sekondari, mwepesi wa kuelewa. Nekesa alimfundisha kumkaribia baba yake kutoka kushoto, kwa kuwa kulia haoni. Alimfundisha kumvalisha shati kwa kuanza na mkono mgonjwa, kumkalisha wima kabla ya kumpa hata kijiko kimoja cha uji, kumgeuza kila baada ya saa mbili. Alimfundisha pia kwamba akishikwa na kifafa amlaze ubavu, asimtie chochote mdomoni, aangalie saa. Msichana aliandika yote katika daftari. Nekesa alimsifia mwanafunzi huyo kwa wenzake Lodwar mpaka wakamwambia wamesikia.

Wiki ya pili shangazi wa Mowlid, mama mmoja mzito aitwaye Marian, alikuja kumtazama mchumba. Alikunywa chai, akala sambusa, kisha akamfinya Samsam mkono kwa vidole viwili akasema mbele ya wanawake wote, "Hii ni mfupa tupu. Kwani hapa hamna chakula?" Wanawake wakacheka. Samsam naye alicheka, kwa kuwa hakukuwa na namna nyingine.

Jumanne iliyofuata, wakiwa wanamwosha Abdikadir, Fowsiya aliyapigapiga mashavu ya mumewe kwa furaha. Yalikuwa yamejaa, mekundu kidogo, yanang'aa. Wauguzi huuita uso wa deksa, na kwao si dalili ya afya hata kidogo, lakini Nekesa alinyamaza.

"Sista," Samsam aliuliza, "kwa hivyo ni kweli hizi tembe zinaongeza mwili?"

Fowsiya alimkazia Nekesa macho juu ya beseni la maji.

"Zinaongeza," Nekesa alijibu. "Si unamwona baba yako?"

Alisema hivyo, kwa mdomo wake, huku akitabasamu.

Wiki zilizofuata zilikwenda vizuri kwanza, kisha zikaanza kwenda vibaya polepole. Kila Jumanne Nekesa alimkuta Samsam amejipaka kasil uso mzima, ule unga wa majani ambao wanawake wa Kisomali huukoroga na maji ili kung'arisha ngozi, na kichwa amekifunga mtandio. Mchumba anajitengeneza, hilo ni jambo la kawaida. Wakati huohuo Abdikadir alirudia kulalamika kichwa kinamuuma anapoamka. Spana ikamshinda baada ya mara sita, halafu baada ya mara tatu. Wiki ya saba Fowsiya alipiga simu: mume wake anatapika tangu asubuhi, na ameomba betri.

Nekesa hakungoja Jumanne. Alimwambia Ethuro awashe gari wakaondoka. Walipofika, Akuwam, mwanamke wa Kiturkana aliyewauzia maziwa, alikuwa amesimama langoni na kibuyu chake. "Ejok," alimsalimu Nekesa, kisha akatikisa kichwa kuelekea ndani. Abdikadir alikuwa amelala amefumba macho, shuka limelowa.

"Samsam, dawa anapata?"

"Anapata, sista. Kila asubuhi. Sijakosa hata siku moja."

Pakiti tupu zilikuwa zimepangwa vizuri kwenye kopo, za jua linalochomoza na za jua la utosini, idadi yake sawasawa. Nekesa alizitazama akaridhika. Hakuuliza ni vidonge vingapi vilivyoingia katika mdomo wa mgonjwa. Angemuuliza mlezi mwingine yeyote, lakini huyu alikuwa mwanafunzi wake. Alitoka nje akampigia daktari wa Eldoret.

"Deksa anapata kipimo chote?" daktari aliuliza.

"Anapata chote."

"Basi huo ni uvimbe wenyewe umekua. Msimsumbue tena na safari. Mwanzishie mofini, na uwaambie watu wake."

Nekesa aliwaambia kwamba siku zake ni chache, bila kulitaja jina la ugonjwa. Aliwaambia pia kwamba kama wanataka baba awepo kwenye nikaha, hata kama ni kuwepo tu, wasingoje wiki mbili. Waifanye Ijumaa hii. Fowsiya alikaa chini kwenye mkeka akajifunika uso. Jioni hiyo Mowlid aliitwa kutoka Lokichoggio, na Abdiweli akaitwa kutoka upande wa pili wa mji.

Ijumaa baada ya swala walimkalisha Abdikadir kwenye godoro, amevaa kanzu nyeupe na kofia. Wazee walikubali muuguzi akae nyuma yake amshike mgongo asianguke. Sheikh alimuuliza Abdikadir kama yuko tayari. Midomo yake ilihangaika muda mrefu. Nekesa alizihisi mbavu zake zikikaza chini ya viganja vyake, mtu mzima akisukuma lori lililozama kwenye mchanga.

"Tairi," alisema Abdikadir.

Hakuna aliyecheka. Sheikh aliinamisha kichwa kidogo, kisha akamgeukia Abdiweli. Abdiweli akasogea mbele, akamshika Mowlid mkono, akasema maneno yote bila kukwama. Ilichukua muda mfupi kuliko kumfunga mtu bandeji. Machozi ya Abdikadir yalishuka kwenye shavu moja tu, na Nekesa akamfuta kwa ncha ya shuka.

Alipokwenda chumba cha wanawake kumpa biharusi mkono wa heri, vigelegele vilikuwa vimepamba moto. Samsam alikaa katikati, hena mpaka kwenye viwiko, kasil imeoshwa, mtandio umerudishwa nyuma. Marian alikuwa amemshika kidevu akiwaonyesha wenzake. "Tazameni! Sasa hii ndio msichana!"

Nekesa alitazama. Aliona mashavu yaliyojaa, mekundu kidogo, yanang'aa, na chini yake shingo nyembamba na mikono ya mifupa ileile. Uso huo aliujua. Alikuwa ameuosha kila Jumanne kwa karibu miezi miwili, ukiwa umeegemea mto wa kulalia katika chumba cha pili.

Alimshika Samsam mkono akamtoa kwa kisingizio cha kumpima presha, wakaingia stoo, akafunga mlango.

"Unameza ngapi?"

Samsam hakujifanya haelewi. "Zile za adhuhuri tu."

"Tangu lini?"

"Tangu yule shangazi aje." Alianza kuogopa sasa, akimtazama sista usoni. "Baba namwachia za asubuhi. Sijawahi gusa za asubuhi, wallahi. Alikuwa ameshanenepa, sista. Alikuwa anakula. Nikasema zinamtosha. Si ulisema ni za nguvu?"

Nekesa alikaa juu ya gunia la sukari. Alitaka kumfokea, akakosa pa kuanzia, kwa sababu kila fokeo lililomjia lilikuwa lake mwenyewe. Alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Kisha akasema yote, pale pale, siku ya harusi, katika nyumba ambayo jina lile halikutakiwa kutajwa. Alitaja uvimbe. Alitaja maji yanayoujaza ubongo. Alieleza vile vidonge vyeupe vilikuwa vinazuia nini, na kwamba alidanganya, na kwamba yeye ndiye aliyepaswa kuuliza na hakuuliza.

Nje vigelegele vilikuwa vinaendelea. Samsam alikuwa ameinua viganja vyake mbele yake asiharibu hena, na alibaki hivyo.

"Kwa hivyo ningemwachia…"

"Sijui," Nekesa alisema. "Pengine angesema mwenyewe leo. Pengine hapana. Nawe usiache kumeza ghafla, unasikia? Mwili wako umeshazizoea, utaanguka. Nitakupunguzia kidogo kidogo."

Alichukua sindano za deksa kutoka kwenye mfuko wake, akamdunga Abdikadir alasiri ile, akamdunga tena kesho yake. Hakurudi Lodwar. Alilala kwenye mkeka wa Fowsiya, naye Fowsiya, alipoelezwa, alisema tu, "Mimi ndio nilikuomba," kisha akaenda kuinjika chai. Nekesa aliomba Mungu dawa isifanye kazi. Ni vibaya kulisema, lakini ndivyo alivyoomba: kama haifanyi kazi, basi daktari alikuwa sahihi, uvimbe ulikuwa umekua, na hakuna aliyemnyang'anya mtu chochote.

Jumatatu saa tatu asubuhi Abdikadir alifumbua macho, akaomba maji. Yalikuwa maji aliyoomba, si betri. Akanywa amekaa wima. Akauliza spana yake iko wapi. Fowsiya alimwekea mkononi, akaiinua mara nne, taratibu, jasho likimtoka.

"Sista," alisema, na kila neno lilikuwa mahali pake. "Ijumaa imebaki siku ngapi?"

Fowsiya alimvuta Nekesa nguo. "Sema wiki mbili," alimnong'oneza. "Tafadhali, sista. Sema bado."

Nekesa hakusema bado. Wala hakusema ukweli; alimpokea Abdikadir bilauri tupu.

Samsam ndiye aliyeingia wakati huo, na vidonge vinane kwenye kiganja. Alimkaribia baba yake kutoka kushoto, kama alivyofundishwa, upande anaoona. Kwa hiyo Abdikadir aliona. Aliona vidonge, kisha akaiona hena iliyokuwa imeanza kufifia kwenye ncha za vidole.

"Nani alikuoza?"

"Ami Abdiweli, aabo."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapo. Ulikuwa umekaa hapo hapo."

"Nilisema nini?"

Samsam alimgeukia Nekesa. Nekesa aliinamisha macho. Kwa hiyo msichana alimjibu baba yake mwenyewe.

"Ulisema tairi."

Abdikadir aliiweka spana chini. Samsam alipomsogezea vidonge alifunga mdomo. Hakuufunga kwa hasira, aliufunga tu, akageuza uso kulia, upande ambao haoni kitu. Fowsiya alimsihi. Abdiweli aliletwa, akalia miguuni pake, naye Abdikadir akampa mkono wa kushoto tu. Nekesa alimuuliza mara tatu, kwa utaratibu wa kazi, kama anaelewa kitakachotokea akikataa dawa, na mara zote tatu aliitikia kwa kichwa kwamba anaelewa. Alikuwa na akili timamu. Dawa ilikuwa imemrudishia.

Alifariki Jumatano ya wiki iliyofuata, adhuhuri, siku mbili kabla ya ile Ijumaa ya harusi iliyopangwa kwanza.

Jumanne baada ya maziko Nekesa alikuja Kakuma kuchukua mofini iliyobaki, pamoja na pakiti ambazo marehemu hakuzigusa. Hizi za mwisho alizifungua sakafuni, akaanza kuzipanga upya: vidonge saba kila siku kwa wiki hiyo, sita wiki ya pili, vitano wiki ya tatu. Samsam alikaa mbele yake, uso wake ungali umejaa. Mowlid alikuwa amerudi Lokichoggio kumngojea apate nafuu.

"Lazima?" aliuliza.

"Lazima."

"Zake hizi?"

"Zake."

Samsam alivipokea vile saba, akavimeza kimoja kimoja, kila kimoja na maji yake, huku mama yake akivihesabu kwa sauti.